Khati na Hati

Neno la kwanza nililolisikia kutoka kinywani mwa mzee yule nililisikia vibaya. Aliweka mkono kifuani, akainama kidogo, akasema, "Khati." Mimi nikafungua mkoba, nikatoa pasipoti na karatasi za bima ya safari, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa kumkabidhi mtu mzima kitu. Alizitazama karatasi zile, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye nilielezwa kwamba khati, kwa lugha yake, ni "dada yangu". Alikuwa ananiamkia. Mimi niliyezoea madirisha ya ofisi nilidhani anadai hati, na wasomaji wa pwani watanielewa, maana wazee wetu wa huko neno hili bado hulitamka kwa kh ya kooni.

Hayo yalitokea Chicago mwaka 2018, nilipokwenda kumsaidia binti yangu aliyekuwa amejifungua. Anakaa Rogers Park, kaskazini mwa jiji, karibu na Ziwa Michigan. Katika mitaa ile Kiswahili husikika barabarani, kwa kuwa wapo Wakongo wengi waliofika kama wakimbizi. Wapo pia Waashuri, na sehemu ya barabara ya Western imepewa jina la heshima la Mfalme Sargon. Kila Jumamosi watu wa kujitolea walikutana katika chumba cha maktaba kuwasaidia wahamiaji kujaza fomu na kutafsiri nyaraka. Binti yangu alinipeleka huko ili, kwa maneno yake, nisikae nyumbani nikihesabu magari. Walikuwa wanatafuta mtu wa Kiswahili. Nilisema, nimekifundisha kwa miaka zaidi ya thelathini, tangu nilipotoka chuo cha ualimu, lipi litanishinda?

Mzee alikuwa mtu wa Kiashuri wa chumba kile. Naye alikuwa mwalimu mstaafu, ila yeye alifundisha lugha katika shule za kanisa lake. Wenzake walimwita Rabi, maana ndivyo Waashuri wanavyomwita mwalimu. Ulimi wangu ulikataa. Sisi tuliolelewa na tenzi tumezoea kuona Rabi akiombwa katika beti za kwanza na kushukuriwa katika beti za mwisho. Ningemwitaje hivyo mtu aliyekuwa akinywa chai mbele yangu? Nikamwita Mwalimu. Alijifunza neno hilo siku hiyo hiyo, akaanza kuniita hivyo mimi pia kila alipotaka kunikosoa. Khati alilihifadhi kwa nyakati za amani. Tulizungumza kwa Kiingereza, kila mmoja na lafudhi yake.

Kabla sijaendelea kuhusu kazi yake, niungame aibu yangu, kwa kuwa ndiyo iliyonifungua masikio.

Hati yangu ya kwanza ilikuwa barua ya mzee wa kanisa kutoka kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Kivu. Ilieleza habari za kijana aliyefiwa na baba. Katikati yake palikuwa na sentensi iliyosema kwamba baba yake mdogo "ndiye alimukomesha" tangu utotoni. Nilisoma, nikashtuka. Kwa Kiswahili nilichofundisha mimi, kumkomesha mtu ni kumtia adabu asirudie tena kosa, tena kwa ukali. Nikaanza kuandika kwa Kiingereza kwamba ami huyu alimwadhibu mtoto. Kalamu ilikuwa bado karatasini nilipomuuliza mama wa Kikongo aliyeleta barua ile kama kijana aliteswa sana. Aliniangalia kama mtu aliyesikia tusi. "Hapana, Mwalimu! Ni yeye mwenye alimukomesha. Alimulisha, akamusomesha, mpaka akakuwa mutu."

Kumbe kwao kukomesha ni kulea, kumfikisha mtoto ukubwani. Ukifikiri utaona mantiki yake: tunda likomaalo na mtoto akuaye wako katika njia moja. Lakini mimi nilikuwa nimebakiza sekunde chache kumgeuza mlezi kuwa mtesaji, na mtesaji huyo angeingia katika jalada la serikali akiwa na saini yangu chini yake.

Saini yenyewe si jambo dogo. Marekani, idara ya uhamiaji hudai kwamba kila hati ya lugha ya kigeni iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri athibitishe mambo mawili kwa maandishi: kwamba tafsiri yake ni kamili na sahihi, na kwamba yeye mwenyewe ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha ile. Basi. Kanuni hiyo haidai mhuri wa wakili, ingawa watu wengi hulipia mhuri kwa kuwa karatasi isiyo na mhuri huwaonekea kama mtu asiye na shati. (Sisi wa Afrika Mashariki tusicheke, nimewahi kumwona mtu akirudishwa nyumbani kwa sababu mhuri wake haukuwa na wino wa kutosha.) Nchi nyingine hufanya kwa namna nyingine. Ujerumani mtafsiri wa hati huapishwa mbele ya mahakama, na kwetu Tanzania ukitaka tafsiri itakayokubalika ofisini unaweza kwenda BAKITA. Lakini kwa Wamarekani uzito wote huangukia sentensi ile moja: nina uwezo. Nilikuwa nimeitia saini bila kuisoma mara mbili.

Nilipomweleza mzee kisa changu hakunipoza. Alisema, "Mwalimu, wewe ulijua Kiswahili. Hukujua barua."

Kisha mama wa Kikongo akaniletea mtihani wa pili, mgumu kuliko wa kwanza. Aliomba niandike "baba" badala ya "baba mdogo". Sababu yake haikuwa ya udanganyifu: katika orodha ya kambi mtu yule alikuwa ameandikwa kama baba, na aliogopa kwamba karatasi mbili zinazopishana zingemrudisha kijana nyuma ya foleni. Tena, kwa desturi zetu, baba mdogo si baba? Niligeuka kwa mzee. Akaniuliza barua inasemaje. Nikasema, inasema baba mdogo. Akainua mabega. Tukakubaliana niandike kwa urefu, ndugu mdogo wa baba, kisha nje ya tafsiri, katika maelezo ya mtafsiri, nieleze kwamba katika jamii hiyo mtu huyo huitwa baba na hubeba wajibu wa baba. Kiingereza kina neno moja tu kwa ami na mjomba, na moja kwa shangazi na mama mdogo. Lugha ya mzee, kama yetu, haikubali mchanganyiko huo: amta ni dada wa baba, khalta ni dada wa mama. Wale waliokulia Mombasa au Unguja wakimwita dada wa mama halati watalitambua neno bila kufundishwa.

Nimesema lugha ya mzee, na hapo pana kesi nyingine. Ni lugha gani? Yeye aliiita Kiashuri, au Sureth. Wengine wa damu yake huiita Kikaldayo, wengine Kisiriaki, na wataalamu huiweka katika ukoo wa Kiaramu. Si lugha ile ya Waashuri wa kale iliyochorwa kwa misumari juu ya udongo, ingawa watu hao wanajihesabu kuwa uzao wa taifa lile. Kiaramu kilianza kuingia katika ofisi za wafalme wa Ashuru zaidi ya miaka 2,700 iliyopita, na katika michoro ya ukutani ya majumba yao utaona makarani wawili wamesimama pamoja, mmoja akiandika kwa misumari, mwenzake akiandika Kiaramu kwa wino. Baadaye huyu wa wino ndiye aliyebaki. Katiba ya Iraki ya mwaka 2005, katika kifungu cha 4, huitaja lugha hii kwa jina la Kisiriaki. Karani wa Chicago, kwa upande wake, anaweza kusoma neno Assyrian akaandika Syrian, na mtu aliyezaliwa Iraki akajikuta amekuwa raia wa nchi ambayo hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Mzee alisema amekwisha kurekebisha kosa hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa huandika majina yote mawili, Kiashuri na Kisiriaki, kila mahali anapotakiwa kutaja lugha. Nilimwambia habari za wanaogombana kama Kiswahili cha Kongo ni Kiswahili. Alifurahi sana kusikia kwamba ugomvi wa aina hiyo hauko kwao tu.

Nyaraka zenyewe zilinishangaza kwa uchache. Nilidhani Mwashuri atakuja na cheti cha kuzaliwa cha Kiashuri. La. Vyeti vya serikali walivyonavyo ni vya Kiarabu, Kiajemi au Kituruki, kwa kuwa hizo ndizo dola walizozaliwa chini yake. Kilichoandikwa kwa lugha yao ni kile kilichotoka kanisani: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, barua ya kasisi. Kwa hiyo mtu mmoja huwa na majina mawili. Kanisani ni Gewargis, serikalini ni Jirjis, na Marekani jamaa zake wamekwisha kumfanya George. Katika sensa ya Iraki ya mwaka 1977 watu hawa hawakuruhusiwa hata kujiandikisha kwa kabila lao. Walitakiwa kuchagua kuwa Waarabu au Wakurdi. Mtafsiri hana ruhusa ya kuyasuluhisha majina hayo. Ayaandike kama yalivyo, kila karatasi na jina lake, na mwenye jina ajieleze kwa kiapo. Nilikumbuka Yohana na John wangu darasani, na jinsi nilivyowachapa mistari wanafunzi walioandika jina moja kwenye daftari na jingine kwenye mtihani. Walikuwa na haki zaidi ya nilivyodhani.

Tarehe nazo zina mitego. Miezi yao ina Tishrin mbili na Kanun mbili. Kanun ya kwanza ni Desemba na ya pili ni Januari, hivyo anayesahau kuandika "ya kwanza" au "ya pili" anamhamisha mtoto karibu mwaka mzima. Nikamweleza saa zetu, kwamba mtoto aliyezaliwa saa mbili asubuhi kwa cheti cha Kiswahili amezaliwa saa nane kwa Mzungu, akaandika jambo hilo katika kijidaftari chake kana kwamba siku moja atalihitaji. Na tarakimu zao za kale ni herufi: alap ni moja, bet ni mbili, gamal ni tatu, dalat ni nne. Nikamwambia hiyo ni abjadi, ndivyo walimu wetu wa pwani walivyohesabu. Alipiga meza kwa kiganja.

Jumamosi zile zilikuwa darasa tamu kuliko yote niliyopata kukaa tangu chuo. Neno darasa lenyewe lina jamaa huko kwao: madrasha ni utenzi wa kufundishia, na bingwa wake alikuwa Mar Afrem, aliyefariki mwaka 373. Nilidhani ushairi wa lugha jamaa ya Kiarabu lazima upimwe kwa silabi ndefu na fupi kama walivyofanya Waarabu. Mzee alinionyesha kwa vidole kwamba sivyo. Wao huhesabu silabi, saba kwa saba katika tungo nyingi za Afrem, kama sisi tunavyohesabu nane kwa nane. Tulikaa tukigonga meza, yeye saba zake, mimi nane zangu, mpaka msimamizi wa maktaba akaja kutuomba tunyamaze. Kasisi kwao ni qashisha, na shemasi ni shamasha. Maneno yetu mawili yametoka kwao kwa kupitia Kiarabu. Shahidi kwao ni sahda. Wasomaji wa Biblia watakumbuka lile rundo la mawe katika Mwanzo 31, ambalo Labani alilipa jina la Kiaramu, Yegar-sahadutha, na Yakobo akalipa jina la lugha yake, Galedi. Nimesoma sura hiyo tangu utotoni bila kutambua kwamba ni mkataba wa lugha mbili.

Siku moja binti yangu alitupeleka katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Chicago. Humo amesimama fahali mwenye mabawa na uso wa mtu, aliyetoka katika jumba la Sargon wa Pili huko Khorsabad, jiwe la tani zipatazo 40. Mzee alisimama mbele yake kwa muda mrefu, kofia mkononi. Mimi nilivutwa zaidi na habari ya kamusi. Chuo hicho kilianza kuandaa kamusi ya Kiashuri cha kale mwaka 1921 na kuimaliza mwaka 2011: miaka 90, juzuu 21. Na ndani yake limo neno targumannu, mkalimani, ambalo hupatikana katika mabamba ya udongo ya wafanyabiashara wa Ashuru waliokaa Kanesh, katika Uturuki ya leo, karibu miaka 4,000 iliyopita. Sisi tunasema tarjuma na mtarjumani. Tumelipokea neno hilo kwa Waarabu, bila kujua lilikwisha kutembea kiasi gani kabla ya kupanda jahazi.

Wafanyabiashara hao walikuwa na desturi nyingine. Mkataba wa deni uliandikwa juu ya bamba dogo la udongo, bamba likafungwa ndani ya bahasha, nayo ya udongo, maneno yakaandikwa tena juu ya bahasha, na mashahidi wakabiringisha mihuri yao. Ukizuka ubishi, bahasha huvunjwa na yaliyomo ndani yakalinganishwa na yaliyo nje. Mzee alisoma maelezo hayo ukutani, akasema, "Kamili na sahihi."

Nilichelewa kujua kwamba naye alikuwa na hati yake.

Alikuwa na dada, mdogo wake kwa miaka mitatu, aliyekuwa akikaa Amman, Yordani, kama mkimbizi kutoka Iraki. Raia wa Marekani anaweza kumwombea ndugu yake wa kuzaliwa aje kuishi huko, ila foleni hiyo huchukua miaka mingi, zaidi ya kumi. Mzee alikuwa ameingia kwenye foleni zamani, na sasa zamu ya kuthibitisha udugu ilikuwa imefika. Udugu huthibitishwa kwa vyeti viwili vya kuzaliwa vyenye mzazi mmoja. Lakini kijiji chao kilikuwa Barwari, kaskazini kabisa mwa Iraki, karibu na mpaka wa Uturuki, na vijiji vya huko vilibomolewa katika operesheni ya Anfal mwaka 1988. Daftari la kasisi lilikwenda na kanisa. Mahali ambapo cheti cha serikali hakipatikani, idara hukubali ushahidi mwingine, na cheti cha ubatizo ni mmojawapo. Mama yao alikuwa ameviokoa viwili, cha mwana na cha binti, kwa kuvishonea ndani ya pindo la vazi.

Mzee alikuwa ametafsiri mamia ya vyeti vya watu. Hiki cha dada yake hakuweza. Wanasheria humshauri mtu asitafsiri nyaraka za kesi yake mwenyewe, kwa kuwa afisa ana kila sababu ya kuzitilia shaka. Mganga hajigangi. Akampelekea shemasi kijana aliyesomea lugha kanisani, akasubiri kama wateja wake walivyomsubiri yeye.

Tatizo lilikuwa nukta. Katika maandishi yao, herufi dalat na herufi resh zina umbo moja. Nukta ikiwa chini ni D, ikiwa juu ni R. Jina la baba yao lina resh katikati. Katika cheti cha mzee nukta imekaa juu, nyeusi, haina ubishi. Katika cheti cha dada, mkunjo wa pindo ulikuwa umepita pale pale, karatasi ikachakaa, na nukta haikuwepo, si juu si chini. Ukisoma R, ni watoto wa baba mmoja. Ukisoma D, ni jina jingine, la mtu mwingine.

Shemasi aliandika jina kwa R. Lakini chini, katika maelezo ya mtafsiri, aliongeza kwamba nukta ya herufi hiyo haionekani kwa sababu ya mkunjo. Na kwa kuwa tafsiri lazima iwe kamili, alitafsiri pia hesabu iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya cheti: magunia matatu ya ngano na jina la anayedaiwa. Mzee alikuja nayo maktabani siku ya Jumamosi, mikono ikimtetemeka. Hakukasirikia ngano. Alikasirikia maelezo.

"Ni jina la baba yangu," alisema. "Nimelibeba miaka sabini. Kijana huyu ananiambia halionekani."

Alinitaka niseme kwamba maelezo yale yaondolewe. Mimi sisomi hata herufi moja ya Kiashuri, lakini hakuwa anahitaji msomaji. Alihitaji mtu wa kumkubalia. Sikutaka kumjibu. Nilikuwa mgeni, yeye ni mkubwa wangu, na dada yake alikuwa anazeeka katika chumba cha kupanga huko Amman. Hata sasa nikikumbuka, sina hakika kwamba nilikuwa na haki ya kusema nilichosema. Nilimuuliza, "Hati inasemaje, Mwalimu?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akakichukua cheti, akakiinua dirishani, akakitazama kwa nyuma, akakigeuza. Nami nikatazama. Palikuwa na tundu dogo la mwanga juu ya mkunjo, ambalo lingeweza kuwa alama ya ncha ya kalamu, na lingeweza kuwa kazi ya sindano ya mama yake. Alikirudisha katika bahasha. Hakuniaga siku hiyo, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilikaa peke yangu katika meza yetu nikimtafsiria mama mmoja wa Bukavu barua ya shule, na kila mlango ulipofunguka niligeuka.

Alirudi wiki ya tatu. Maelezo ya shemasi yalikuwa bado yapo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyapeleka yalivyo. Alikuwa ameamua kuyajibu kwa ushahidi, si kwa kuyafuta. Qariwa, yaani msimamizi wa ubatizo wa dada yake, alikuwa amekwisha kufariki, lakini mjane wake alikuwa hai, huko Fairfield, Sydney, ambako Waashuri ni wengi. Alikuwako kanisani siku ile ya ubatizo. Angeandika ushahidi wake kwa mkono, aseme mtoto alikuwa wa nani. "Ataandika kwa Kiashuri," mzee aliniambia, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma yale nilimwona akitabasamu, "na utahitaji kutafsiriwa."

Nilirudi nyumbani Morogoro mwezi uliofuata. Habari nilizipata kwa vipande kutoka kwa binti yangu: ushahidi umefika, idara imeandika kuuliza jambo jingine, jambo hilo limejibiwa, wanangoja. Mwaka ukapita. Kijana wa Nyarugusu alikwisha kufika Chicago, na nilitumiwa picha yake amesimama kwenye theluji pamoja na baba yake mdogo, wamevaa makoti yanayowazidi.

Kisha jioni moja simu yangu ikapokea ujumbe wa sauti kutoka namba ya mzee. Nilitegemea kusikia kikohozi chake na Kiingereza chake cha taratibu. Badala yake ilikuwa sauti ya mwanamke, sauti ya mtu mzima, nyuma yake vikombe vinagongana na watu wanacheka. Alisema maneno mawili tu ambayo niliyaelewa, "Shlama, khati," na mimi, mahali nilipoketi kibarazani, mkono ulikuwa umekwisha kwenda kwenye mkoba.